Mwalimu Jelagat na Wapangaji wa Silingi

Viola Jelagat alingoja darasa kwa miaka sita. Si kwamba hakuwa akifundisha. Tangu atoke chuo cha ualimu alikuwa akizunguka shule za pale Kitale kama mtu wa kuziba mapengo: mwalimu huyu akienda kujifungua, anaitwa Jelagat, yule akivunjika mguu, anaitwa Jelagat. Alishika chaki katika madarasa kumi na moja, na yote yalikuwa ya wenyewe. Kwa hiyo ujumbe wa ajira ulipoingia kwenye simu yake, wiki ya mwisho ya Desemba, hakupiga kelele. Alitoka uani, akamkuta mama yake anaanika mahindi, akamsomea polepole.

Mama yake, Jerono, alikuwa amefanya kazi ya kuchambua mbegu kwa miaka ishirini, na hakuwa mtu wa kuamini kitu kabla hajakigeuza pande zote mbili.

"Soma tena," akasema.

Jelagat akasoma tena. Mwalimu wa gredi ya kwanza, Shule ya Msingi ya Namutelu, Bungoma, ukishapita Malakisi kuelekea Lwakhakha.

"Na hilo darasa ni lako? Si la mtu ameenda likizo?"

"Ni langu, Mama."

Jerono akaketi juu ya gunia, akajifunika uso kwa leso. Kuku wakaja wakadonoa mahindi miguuni pake wala hakuwafukuza.

Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu ya pili ya Januari. Jelagat alifika Malakisi wiki moja kabla, akapanga chumba kwa mjane mmoja ambaye mumewe alikuwa mkulima wa tumbaku. Chumba chenyewe kilikuwa zamani ghala la majani makavu. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi mara mbili, lakini asubuhi kukiwa na baridi harufu ile ilirudi yenyewe, tamu na kali, ikamwamsha kabla ya jogoo.

Mwalimu mkuu alimpokea langoni siku ya Jumanne. Aliitwa Jentrix Nanyama, mama wa makamo, mrefu, aliyekuja shuleni kwa pikipiki yake mwenyewe, sketi ameikunja vizuri na kofia ya chuma kichwani.

"Mwalimu Jeragat, karibu sana," akasema, maana ndimi nyingi za Bungoma hazigombani juu ya l na r. "Nikuambie tu ukweli. Watoto wa gredi wani wako arobaini na saba. Madarasa imejaa. Iko hii moja ya mwisho, ya zamani, tulikuwa tumefanya stoo. Miaka nane hakuna mtoto amesomea hapo. Lakini ukuta ni mzuri, mabati ni mazuri. Inataka tu mkono."

"Mkono ninao, Madam," Jelagat akasema.

Nanyama akampa ufunguo, akamwacha mlangoni peke yake. Alifanya makusudi, yeye pia alikuwa na siku yake kama hiyo, zamani.

Darasa lilikuwa giza na vumbi. Madawati yaliyovunjika yalikuwa yamepandana mpaka karibu na silingi, dari ya mbao iliyogeuka rangi ya kahawia kwa uzee. Kulikuwa na majembe yasiyo na mipini, magunia, na ngoma moja iliyopasuka. Kutoka ng'ambo ya barabara ulisikika mvumo wa mashine ya kusaga unga, wa chini kwa chini, usiokoma. Jelagat alipima chumba kwa hatua: kumi na mbili kwa tisa. Akasimama katikati akafumba macho. Hapa kona ya kusomea. Pale kona ya duka, na maboksi matupu ya majani chai, na vifuniko vya soda vya kuhesabia. Ukutani, magunia meupe yaliyoandikwa a, e, i, o, u kwa herufi za ukubwa wa sahani. Alipofumbua macho alikuta moyo unamwenda mbio kana kwamba ametoka kukimbia, na alikuwa hajainua hata ufagio.

Siku hiyo alitoa takataka. Jumatano akaanza kupaka chokaa.

Alikoroga chokaa kwenye ndoo, akapanda juu ya meza, akapaka ukuta wa ubao kuanzia juu. Kazi ilikwenda vizuri mpaka alipotaka kufika kwenye pembe iliyofichika. Alijinyoosha, brashi ikagonga ubao wa silingi, na tone moja nene likadondoka likamwingia katika jicho la kushoto.

Maumivu yake hayakuwa ya kawaida. Ilikuwa kama mtu amemzimia kijinga cha moto ndani ya kichwa. Alishuka kwa kupapasa, akatoka nje akiita. Nanyama alikuja mbio, hakuuliza maswali. Alimshika shingo kama mtu anavyomshika kondoo wa kunyoa, akamwinamisha chini ya bomba, akamfungua kope kwa vidole viwili.

"Usifunge! Fungua! Wacha maji ipite!"

Alimweka pale kwa muda wa kipindi kizima cha hesabu. Kisha akamfunga leso kichwani, akampakia kwenye pikipiki, wakaenda dispensari.

Aliyekuwa zamu ni Wekoye. Watu wote walimwita daktari, na kila siku aliwakumbusha kwamba yeye ni afisa wa kliniki tu, na kila siku walimjibu, "Sawa, daktari." Alikuwa mfupi, mwenye sauti nzito ya mtangazaji. Alitundika chupa ya dripu, akaielekeza jichoni badala ya mshipani, akalisafisha jicho mpaka chupa ikaisha. Halafu akadondosha dawa ya rangi ya manjano, akafunga pazia, akamulika kwa tochi yenye mwanga wa buluu.

"Nipe simu yako, Mwalimu. Nataka uone kitu."

Akapiga picha. Jelagat akaitazama kwa jicho zima. Juu ya duara jeusi la jicho lake kulikuwa na mkwaruzo mwembamba unaong'aa kijani, wenye vijito pembeni, kama mto unavyochorwa kwenye ramani.

"Hiyo ni mimi?"

"Ni wewe. Bahati yako maji yalitangulia. Chokaa ingekaa hapo kidogo, tungekuwa tunaongea mambo mengine." Akamfunga pamba na bandeji. "Sasa sikiliza. Ngozi ya hapo itajifunga yenyewe. Chembe za pembeni zitatembea, nakwambia zitatembea, zije zishikane mikono katikati. Ijumaa asubuhi utafungua hii na hutapata mto."

"Zenyewe tu? Bila mtu kuziambia?"

"Bila mtu kuziambia. Mimi kazi yangu ni kuzuia uchafu. Fundi yuko ndani."

Jioni ile Jelagat alikaa kitandani chumbani mwake, akaiangalia ile picha tena na tena. Miaka yote alikuwa akiwafundisha watoto kuimba, haya ni macho yangu, haya ni masikio yangu. Hakujua alikuwa akiwafundisha nini.

Alhamisi alirudi kazini na jicho moja. Mtu akifungwa jicho moja umbali humdanganya: kikombe kiko hapa, mkono unakishika pale. Jelagat hakulijua hilo. Alikuwa anang'oa misumari mibovu kwenye dawati, akadhani msumari uko mbali kidogo, akaegemeza kiganja juu yake kwa uzito wake wote. Msumari wenye kutu ukaingia chini ya kidole gumba.

Wekoye alipomwona tena mlangoni, mkono umefungwa kwa kitambaa cha kufutia ubao, aliweka kalamu chini.

"Mwalimu, unajenga darasa ama unajenga faili? Faili yako inanenepa kuliko ya mama wajawazito."

"Daktari, usinicheke. Nidunge tu."

Alimdunga sindano ya pepopunda, akamsafisha kidonda, akamwambia aende alale. Jelagat akasema ndiyo, akarudi darasani, akashona magunia meupe kwa mkono mmoja na meno.

Ijumaa asubuhi alifungua bandeji mbele ya kioo kidogo cha mjane. Jicho lilikuwa jekundu, lakini lilikuwa linaona. Si kuona kwa kawaida. Aliona kama mtu aliyepanguswa. Alipofika shuleni alisimama uwanjani akautazama Mlima Elgon, na siku hiyo haukuwa ule mlima wa kila siku, rundo la buluu kule nyuma ya miti. Aliona mabonde yake moja moja, na moshi wa mtu mmoja akichoma makaa kule juu, na mstari ambapo mashamba yanakoma na msitu unaanza. Alisimama mpaka Nanyama akapita, akamuuliza kama ameanguka tena.

"Hapana, Madam. Naona tu."

Ilikuwa kama saa nne stima ilipopotea. Redio ya kioski ikanyamaza. Mashine ya unga ng'ambo ya barabara ikashusha sauti, ikakohoa, ikazima.

Na mvumo ukabaki.

Jelagat alisimama na gunia mkononi. Akageuza sikio huku na huku. Mvumo ulikuwa palepale, wa chini kwa chini, usiokoma, kama ulivyokuwa wiki nzima. Na sasa aliujua kuwa hautoki ng'ambo ya barabara hata kidogo. Unatoka juu ya kichwa chake.

Alipanda juu ya dawati. Taratibu sana, akauweka mkono wake mzima kwenye ubao wa silingi. Ubao ulikuwa na joto. Si joto la jua, maana hatua moja pembeni ubao ulikuwa baridi. Lilikuwa joto la kitu kilicho hai, kama ubavu wa ng'ombe, na ulikuwa ukitetemeka, mtetemo mdogo uliompita kiganjani ukamshuka mpaka kwenye kiwiko. Nywele za mkono zikamsimama. Bibi yake alizaliwa upande wa mlima, kwa watu wa mizinga na asali. Mtoto wa ukoo huo haambiwi maana ya sauti ile. Lakini hakuwahi kuisikia kubwa namna hii. Ilikuwa kama chumba chote kina pumzi.

Hakukimbia mara moja. Baadaye mama yake alimgombeza sana kwa hilo. Alisimama pale, mkono juu, mdomo wazi, labda dakika nzima. Kisha akakumbuka watoto arobaini na saba, akaamua kushuka polepole akamwite Nanyama.

Dawati lilikuwa ni mojawapo ya yale aliyong'oa misumari.

Mguu wa dawati ulipoachia, Jelagat alishika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu na mkono, na kitu hicho kilikuwa ukingo wa ule ubao. Wakashuka pamoja, mtu na ubao, na nyuma yao likashuka wingu.

Nanyama alisikia yowe akiwa ofisini. Alipotoka alimwona mwalimu wake mpya akija mbio uwanjani, mikono imefunika uso, nyuki wamemwandama kama utepe mweusi. Aliivua leso yake kiunoni, akamfunika kichwa, akamburuta mpaka ofisini, akafunga mlango kwa kisigino.

"Wamekuuma wangapi?"

"Si wengi," Jelagat akasema. Lakini neno 'wengi' lilitoka nene, kama limefungwa kitambaa. Viganja vilikuwa vinamwasha. Masikio yalikuwa yanamwasha kwa ndani. Akataka kuomba maji, ulimi ukakataa kuinuka. Akamwangalia Nanyama, na machoni mwa Nanyama akaona sura yake mwenyewe inavyobadilika.

Mwalimu mkuu yule hakuwahi kusema alikwenda mwendo gani siku hiyo. Alimfunga Jelagat mgongoni pake kwa ile leso, kama mama anavyombeba mtoto, wakiwa wote wawili watu wazima juu ya pikipiki, na waliokuwa barabarani walisimulia kwamba walisikia honi kabla ya kuona vumbi.

Alichokumbuka Jelagat ni vipande. Dari nyeupe ya dispensari. Sauti ya Wekoye, ambayo sasa haikuwa na utani hata chembe. Hewa ikiwa ndogo, kama anaivuta kwa mrija wa soda, halafu kwa sindano, halafu kwa uzi. Hakuhisi hofu kama alivyodhani mtu huhisi. Alihisi mshangao: kumbe mlango wa kutoka duniani ni mdogo hivi, tena uko karibu hivi, siku tatu tu baada ya kupewa darasa.

Kisha paja lake likachomwa.

Mwanzoni hakukuwa na kitu. Halafu moyo ukapiga kishindo kimoja, ukaanza kwenda kama ngoma za sherehe ya tohara. Mikono ikamtetemeka. Uzi ule ukawa mrija, mrija ukawa bomba, na ghafla hewa ikaingia yote, baridi, mpaka chini kabisa ya kifua, pahali ambapo Jelagat hakujua kwamba hewa hufika. Ilikuwa na ladha. Alilala pale akaila hewa kama mtu mwenye njaa, machozi yakimtiririka masikioni, na Nanyama ameketi sakafuni kando ya kitanda, kofia ya chuma bado kichwani, anasali kwa Kibukusu.

Alipoweza kusema, alisema, "Daktari, umenidunga nini?"

Wekoye alikuwa amemshika mshipa wa mkono, anahesabu. Jasho lilikuwa limemlowesha kola. "Kitu ambacho mwili wako hutengeneza wenyewe ukiogopa mbwa," akasema. "Leo ulihitaji nyingi kwa mpigo, nikakuongezea." Akameza mate. "Nimekutoa miiba kumi na minne. Kuna watu huumwa mara mia wakaenda nyumbani kuchuna mboga. Wewe mwili wako haupatani na nyuki, na hukujua, wala sisi hatukujua. Sasa tumejua. Haraka nakupeleka Bungoma, wakuangalie mpaka kesho, kwa sababu hii kitu inaweza kurudi."

Haikurudi. Jumamosi asubuhi mama yake aliingia wodini huko Bungoma, ametoka Kitale na uji kwenye chupa ya chai. Alimwona binti yake amevimba jicho moja, jicho la pili jekundu, mdomo umegeuka upande, kiganja kimefungwa bandeji. Akaiweka chupa mezani kwa uangalifu.

"Jelagat. Turudi nyumbani."

"Mama..."

"Siku tatu, mara tatu. Jicho, mkono, na sasa roho. Hata mtu asiyesoma anaelewa. Hiyo nyumba haikutaki."

"Mama, si nyumba. Ni chokaa, na msumari, na nyuki."

"Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Hawakusema uwawekee madawati."

Jelagat alicheka, na kucheka kulimuuma. Kisha akamshika mama yake mkono, akajaribu kumweleza. Alimweleza kuhusu mto wa kijani uliokuwa jichoni, ambao sasa haupo. Alimweleza kuhusu ubao wenye joto. Alimweleza jinsi hewa inavyoingia ikirudi. Hakuweza kuyapanga vizuri; alikuwa mwalimu na maneno yalimkwama. "Mama, niliingia mle nikafikiri ni stoo tupu," akasema mwishowe. "Haikuwa tupu. Hata mimi mwenyewe si mtupu. Kuna vitu vinaendelea ndani yangu sijawahi kuviona. Sitaki kurudi nyumbani kabla sijaona."

Jerono alimtazama sana. Alimgeuza uso upande huu, akaugeuza upande ule, kama mbegu.

"Kunywa uji," akasema. "Kesho tutaenda wote. Nikaione hiyo silingi."

Jumapili baada ya kanisa alikuja Cheptoo. Nanyama alimpigia simu kule Cheptais, kwenye miteremko ya mlima, ambako alijulikana kwa kuhamisha nyuki bila kuwaua. Jelagat alikuwa anategemea kuona mzee wa kiume. Akaona mama wa miaka sitini, mwembamba, viatu vya plastiki miguuni, kofia yenye wavu kichwani, na kopo la maziwa ya unga lililotobolewa matundu, ndani yake mavi makavu ya ng'ombe yakitoa moshi. Mikono yake haikuwa na glavu.

Wekoye pia alikuja, na mkoba wake, ingawa haikuwa zamu yake. Alimfungia Jelagat ofisini pamoja na mama yake, akakagua kila dirisha, akaketi kando ya mlango. Kutoka pale, kupitia kioo, uwanja mzima ulionekana, na mbele, lile darasa, milango na madirisha wazi, jua la alasiri linaingia kwa ndani. Wazazi kama kumi walikuwa wamekuja kufanya usafi. Cheptoo aliwaambia wakae nyuma ya mstari wa maua, wasipunge mikono, wasipige kelele.

Akaingia. Moshi ukapanda. Akang'oa ubao wa pili, akaukabidhi chini. Wa tatu, wa nne. Kila ubao ulipotoka alikaa kidogo, kama mtu anayesubiri kuitikiwa. Alipotoa wa saba, wazazi waliacha kunong'ona. Mzee mmoja alivua kofia yake.

Masega yalikuwa yananing'inia kutoka kwenye mbao za paa, safu kwa safu, yamefuatana kama kurasa za kitabu kikubwa kilichofunguliwa kichwa chini. La katikati lilikuwa refu kuliko mtoto wa gredi ya kwanza. Ya zamani yalikuwa meusi kama ngozi ya kiatu. Ya pembeni, mapya, yalikuwa meupe, na jua lilipopenya dirishani likapita ndani yake yakawaka, rangi ya chai ya rangi kwenye glasi. Na juu ya yote hayo, nyuki, maelfu kwa maelfu, wakisogea pamoja kama maji yanavyosogea upepo ukiyapita.

"Kumi na moja!" Cheptoo aliita kutoka ndani, sauti ya chini, ya mtu aliye kanisani. "Masega ni kumi na moja!"

Ofisini Jelagat alikuwa ameweka paji la uso kwenye kioo. Wale ndio waliotaka kumuua. Alijua, koo lake lilijua, viganja vyake vilikuwa vimeanza kuwasha kwa kuwatazama tu. Na bado hakuweza kuondoa macho. Wiki nzima alikuwa akihangaika kutengeneza darasa moja, na juu ya kichwa chake kulikuwa na jengo zima, limejengwa gizani bila fundi wa kuonekana, bila rula, kila chumba sawa na kingine.

"Miaka nane," mama yake alinong'ona. "Miaka nane watu waliingia hapo kuchukua majembe."

Cheptoo alikata sega moja moja, akayafunga kwa uzi kwenye fremu za sanduku lake. Ilimchukua saa mbili. Alimtafuta malkia kwa vidole, taratibu, kama mtu anayemtafuta mtoto wake kwenye umati, na alipompata alimweka ndani ya sanduku, akaliweka mlangoni mwa darasa, akainua mkono watu watulie. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo wazazi wale walilisimulia kutoka Malakisi mpaka Myanga. Nyuki hawakuruka. Walishuka ukutani, wakafika sakafuni, wakaanza kutembea kwa miguu kuelekea kwenye sanduku, wamejipanga, mto mpana wa nyuki wanaotembea, na wa mbele wakisimama mlangoni, mkia juu, wakipepea mabawa kuwaonyesha wa nyuma njia.

Jua lilikuwa linatua Cheptoo alipokuja dirishani. Alikuwa ameondoa kofia. Alizungumza kupitia kioo.

"Ni wewe walikuuma?"

"Ni mimi, Mama."

"Pole sana. Hao si wabaya. Ulifungua nyumba yao bila hodi, bana."

"Sikutaka. Dawati lilivunjika."

"Najua. Sasa wao hawajui hiyo mambo ya dawati." Akamkagua uso kwa makini, akatikisa kichwa. "Mimi wameniuma tangu niko mtoto, hata sihesabu. Wewe kumi na nne, karibu uende. Na sisi wote ni watu tu. Mungu ametuumba namna gani, sijui."

Wekoye alisema kwamba hata yeye hajui, na amesomea. Kisha akamkataza katakata Jelagat asiingie katika darasa lile mpaka Alhamisi, nyuki waliobaki nyuma wawe wameisha. Alimfundisha Nanyama jinsi ya kudunga paja, akitumia chungwa, na akaacha dawa ofisini, ndani ya kabati, na jina la Jelagat limeandikwa juu yake kwa herufi kubwa. Wazazi walisema watamalizia chokaa wenyewe. Jerono akasema atakaa mpaka Jumatano, akawaonyeshe namna ya kukoroga.

Kwa hiyo Jumatatu gredi ya kwanza ilianza masomo kanisani, upande wa pili wa uwanja. Watoto arobaini na saba waliketi kwenye mabenchi ya watu wazima, miguu haifiki chini, sare mpya zimekunjwa mikono. Jelagat alisimama mbele. Alikuwa ametayarisha wimbo wa kuwakaribisha, na sauti haikutoka. Si kwa sababu ya koo. Walikuwa wengi sana. Kila mmoja alikuja na uso wake.

Watoto nao hawakuwa wakingoja wimbo. Walikuwa wanamkodolea macho. Mwishowe msichana mmoja wa benchi la mbele, Khairunisa, binti wa muuza duka wa Malakisi, aliinua mkono.

"Ticha Jeragat. Nani alikupiga?"

"Sikupigwa. Niliumwa na nyuki."

"Wangapi?"

"Kumi na wanne."

Watoto walivuta pumzi kwa pamoja. Jelagat aliketi kwenye ngazi ya mimbari, akawasimulia yote: tone la chokaa, mto jichoni, chembe zinazotembea bila kuambiwa, ubao wenye joto, masega kumi na moja, nyuki waliotembea kwa miguu. Hakusikia hata benchi likilia. Alipomaliza, Khairunisa alishuka, akaja mpaka mbele yake, akanyoosha kidole kimoja, akamgusa shavuni palipovimba. Alibonyeza kidogo. Akawageukia wenzake, akatoa ripoti:

"Ni laini. Kama ndizi."

Wakaja wote. Hakuna aliyewaambia wapange foleni, lakini walipanga, kutoka ngazi ya mimbari mpaka mlangoni, na mmoja mmoja wakamgusa shavu, wengine kwa kidole, wengine kwa kiganja kizima, mvulana mmoja kwa mikono miwili kama anayepokea kitu. Jelagat alifumba macho. Alimwuliza kila mmoja jina lake, na kila mmoja alilitaja karibu sana na sikio lake, kwa kunong'ona, kana kwamba anamwachia siri.

Foleni ilikuwa imefika nusu Nanyama alipotokea mlangoni, kofia ya chuma mkononi. Alitazama watoto. Alitazama vitabu ambavyo bado vilikuwa vimefungwa kwa kamba.

"Mwalimu," akasema, "hili ni somo gani?"

"Mazingira, Madam," Jelagat akajibu, bila kufumbua macho. "Tumefika ishirini na tatu."